Kibali cha Siku Tatu

Binamu yangu aliingia Kenya Desemba 2024 akiwa mgeni. Simaanishi mgeni wa kuchinjiwa kuku, ingawa kuku alichinjwa. Namaanisha mgeni wa serikali: pasipoti ya Marekani mkononi, na ndani ya simu kile kibali cha mtandaoni ambacho tangu Januari mwaka huo kilichukua nafasi ya viza. Kuingia mara moja. Sababu ya safari: kutembelea jamaa.

Jamaa mwenyewe ni shosho, anayeishi juu ya mji wa Embu, pale kahawa inapoanza kuachia majani chai nafasi. Binamu alipewa jina lake, kama ilivyo desturi yetu, kwa hivyo shosho akimwita uani unasikia kama mtu anajiita mwenyewe.

Siku ya nne, baada ya kusalimia kila mtu wa kusalimiwa, binamu akaleta wazo. Alikuwa ameona kwenye ramani kwamba barabara inayopita Embu, ukiifuata tu kwenda juu, inakufikisha Ethiopia. Mbona tusiende siku nne hivi, turudi? Safari ya kando. (Nilimweleza kwamba huku kwetu kitu cha kando kwa kawaida ni mpango, na nyumbani hakitajwi.)

Nikamuuliza: sawa, ukitoka, utarudije?

Maana hapo sheria haiangalii umbali, inaangalia historia. Kwa miaka mingi mgeni mwenye viza ya Kenya ya kuingia mara moja aliweza kuzunguka Uganda au Tanzania na kurudi kwa viza ileile, mradi siku zake hazijaisha. Hayo yalikuwa mabaki ya enzi ambapo nchi hizi tatu zilikuwa karibu nyumba moja, na reli moja, posta moja na ndege za pamoja, hadi Jumuiya ya kwanza ikafa mwaka wa 1977. Tanzania ikafunga mpaka wake nasi, ukakaa hivyo hadi 1983. Baadaye wakapatana. Mwaka wa 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zikaanzisha hata viza moja ya watalii, dola 100 kwa siku 90, ingia utoke utakavyo. Ethiopia haikuwahi kuwa ndani ya familia hiyo. Ukivuka Moyale na kibali cha mara moja, umeshakitumia. Unaanza upya kuomba, ukiwa nje.

Mimi sikuwa na shida hiyo. Mkenya haitaji viza kuingia Ethiopia, na pasipoti nilikuwa nayo. Niliichukua nikiwa bado chuo kikuu, kwa safari ambayo haikufanyika, muda mfupi kabla chuo chenyewe nacho kunishinda.

“Nitaomba kingine kwa simu,” binamu akasema. “Ni siku chache tu.”

Shosho alikuwa akichambua maharagwe, na tulidhani hatufuatilii. Akaniuliza kwa Kiembu, nami nikawa natafsiri.

“Karatasi ya huyu ni ya siku ngapi?”

“Tisini, shosho.”

“Na ya kurudi iko wapi?”

Tukanyamaza.

“Yangu ilikuwa ya siku tatu,” akasema.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Shuleni tulifundishwa kana kwamba ni hadithi ya Wakikuyu na msitu. Lakini amri zenyewe zilitaja makabila matatu, Wakikuyu, Waembu na Wameru, na makarani wakayafupisha kuwa herufi tatu: KEM. Ukiwa KEM, kutembea kwenyewe kulihitaji ruhusa. Wanaume waliofanya kazi nje ya rizavu walibeba kitabu cha pasi. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi waliziba Nairobi na kuchuja watu mtaa kwa mtaa, na maelfu wa hayo makabila matatu wakapelekwa kambini au wakarudishwa makwao.

Halafu vikaja vijiji. Kuanzia Juni 1954 watu walitolewa kwenye maboma yao yaliyotawanyika ridgi kwa ridgi, wakarundikwa pamoja. Kufikia mwisho wa 1955 ilikuwa zaidi ya watu milioni moja katika vijiji zaidi ya 800. Kila kijiji kilizungukwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa, mlangoni homugadi, na saa ya kutotoka nje. Handaki lilichimbwa na wanakijiji wenyewe, wengi wao wanawake. Shosho alikuwa na miaka kumi na sita. Anasema mikono yake ilipata umbo la jembe hapo, na haijawahi kuliacha.

Dada yake mkubwa alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto Thuci, upande ambao siku hizo ulikuwa wilaya ya Meru. Habari zikaja kwamba amejifungua vibaya. Baba yao akaenda kuomba, akarudi na karatasi: jina la shosho, mahali anapokwenda, tarehe ya kurudi. Siku tatu. Shosho hakujua kusoma. Alitembea kutwa nzima na karatasi ambayo hakuweza kuisoma, imekunjwa ndani ya nguo, akimwonyesha kila aliyemsimamisha.

Siku ya tatu dada hakuwa wa kuachwa. Wala ya nne. Alirudi ya tano. Akafungiwa usiku mbili, kisha wiki tatu za handaki.

“Hawakuuliza mgonjwa anaendeleaje,” akasema. “Waliuliza tarehe.”

Binamu akataka kujua kama dada alipona.

“Alipona. Mtoto hakupona.”

Akaendelea na maharagwe. Baadaye, nadhani alipoona tumekaa kimya sana, akatoa uamuzi kama chifu: “Nendeni mkaone. Lakini huyu asivuke.”

Tuliondoka alfajiri. Runyenjes, kisha Thuci, ambayo tuliivuka kabla makanga hajamaliza kukusanya nauli. Chuka. Kisha lile daraja la Nithi ambapo gari zima hunyamaza, kwa sababu hapo Julai 2022 basi lilianguka na zaidi ya watu 30 wakafa. Nkubu. Meru tulilala kwa rafiki yangu, asubuhi tukapanda gari la Isiolo.

Kama hujawahi kuteremka Isiolo ukitoka Meru, ni kama mtu amefungua mlango wa jiko. Baridi inaisha, kijani kinaisha, misikiti inaanza. Na kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, kwenye karatasi, Kenya nayo iliishia hapo.

Sheria ya kwanza ilikuwa ya mwaka wa 1902, ya kufunga wilaya za mbali. Ya pili, ya 1934, ikaipa serikali nguvu zaidi juu ya nani anaishi wapi na mifugo ipite wapi. Kwenda juu ya Isiolo kulihitaji pasi, na mfugaji wa kule kushuka huku vilevile. Kulikuwa na kizuizi kaskazini mwa mji, magari yanaandikwa kabla ya kupita, na hata uhuru ulipokuja hakikung'olewa kwa miaka mingi. Ndiyo maana mpaka leo utasikia mtu wa Marsabit anayepanda basi la Nairobi akisema anaenda Kenya.

Wakoloni wenyewe walipatumia kama ng'ambo. Harry Thuku, aliyepinga kipande, alikamatwa mwaka wa 1922 na kupelekwa kizuizini Kismayu. Na Kismayu wakati huo ilikuwa Kenya! Waingereza waliwapa Waitaliano eneo hilo la Juba mwaka wa 1925. Thuku baadaye aliwekwa Marsabit. Kipande chenyewe, kwa wasiojua, kilikuwa cheti cha mwanaume yeyote Mwafrika wa zaidi ya miaka 16, ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Sheria ilitoka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza. Sisi bado tunaita kitambulisho “kipande” na hatushtuki.

Kwa hivyo kama binamu angekuja kumtembelea babu wa babu yangu, nchi jirani ya kuombea karatasi haingekuwa Ethiopia. Ingekuwa Isiolo, umbali wa kunywa soda moja kutoka Meru.

Sasa, Embu iliingiaje hapa? Kwa njia ya Majimbo. Mwaka wa 1962 tume iliyotumwa kaskazini ilikuta kwamba wengi huko walitaka kuungana na Somalia. Hawakupewa. Machi 1963 ikaamuliwa kuwe na jimbo la saba, Kaskazini Mashariki, la Garissa, Wajir na Mandera. Isiolo, Marsabit na Moyale zikaunganishwa na Meru, Embu na Ukambani kuwa Jimbo la Mashariki. Embu ilikuwa imetolewa Kati, tena bila Ndia na Gichugu, ambazo zilibaki Kati na kuwa Kirinyaga. Katiba ya Majimbo ilianza Juni 1963, na kufikia Desemba 1964 ilikuwa imeuawa. Lakini mistari ilibaki, ikaitwa mikoa, na makao makuu ya Mkoa wa Mashariki yakawa Embu.

Hebu fikiria. Mpaka kaunti zilipoingia mwaka wa 2013, mtu wa Moyale mwenye jambo lililofika ngazi ya mkoa alikuwa na karibu kilomita 700 za kulifuata Embu, nyingi zikiwa vumbi na mawe juu ya lori. Nimekulia mji huo. Nikiwa mtoto niliona wazee wenye kofia zilizofumwa wameketi kivulini karibu na ofisi za mkoa, kutwa nzima, bahasha magotini. Nilidhani ni wauzaji wa mbuzi.

Siku kumi na sita baada ya uhuru, tarehe 28 Desemba 1963, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari kaskazini. Vita vya Shifta. Mwaka wa 1966 zikatoka kanuni maalum za Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya zinazopakana nao, yaani hadi Isiolo na Marsabit, wilaya za mkoa wetu. Na wafugaji wa Isiolo, Garba Tula na Merti wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi. Ng'ombe na ngamia wakafa, wengine wakapigwa risasi. Waborana wa Waso wanaita wakati huo Daaba, kusimama, kwa sababu kila kitu kilisimamishwa.

Kutoka 1954 hadi 1966 ni miaka kumi na miwili. Handaki la shosho lilikuwa halijafukika vizuri. Serikali iliyofanya hivyo iliongozwa na Jomo Kenyatta, aliyetoka kizuizini 1961, na waziri wa ardhi alikuwa Jackson Angaine wa Meru, ambaye naye alifungwa wakati wa Hali ya Hatari. Watu waliojua kwa ngozi zao kijiji cha kulazimishwa ni nini. Nimesoma maelezo kwamba vita ni vita, kwamba Somalia ilikuwa inawapa silaha, na kwamba nchi changa ingesambaratika. Labda. Lakini kati ya dawa zote zilizokuwepo, walichagua ileile waliyonyweshwa. Nguvu hizo za dharura ziliondolewa kwenye sheria mwaka wa 1991. Na sisi wa Embu tuliokuwa na ofisi za mkoa mlangoni, sikumbuki hata mara moja mwalimu akituambia.

Basi la Moyale liliondoka Isiolo saa nne asubuhi. Lami yote sasa, ilimalizika kufika mpakani yapata 2017. Zamani lori lilichukua siku mbili au tatu. Archer's Post, Merille, Laisamis, kisha mlima wa Marsabit unatokea na ukungu wake kama Embu imebebwa ikawekwa jangwani. Baada ya hapo ni mawe meusi ya Dida Galgalu, saa nzima, hakuna mti.

Karibu nasi alikaa mama wa Kiborana aliyekuwa anarudi nyumbani na blenda mpya kwenye katoni. Kila kizuizi, askari aliingia, akatazama nyuso, akanyoosha mkono kwake. Mimi niliulizwa mara moja tu. “Wa wapi?” Nikasema Embu. Akacheka: “Na umepotelea huku?” Akapita. Kizuizi cha tatu au cha nne, yule mama aliacha kurudisha kipande mkobani. Alikishika tu mkononi, kidole gumba juu ya picha yake, mpaka Moyale.

Moyale ni mji mmoja uliokatwa na mkataba wa 1907 kati ya Uingereza na Mfalme Menelik. Mstari ulitenganisha Waborana na Wagabra na baadhi ya visima na malisho yao. Kenya na Ethiopia zikauthibitisha kwa mkataba wa 1970. Julai 1940 Waitaliano, waliokuwa wameshika Ethiopia, waliiteka ngome ya Waingereza hapa, wakaipoteza mwaka uliofuata. Machi 2018 wanajeshi wa Ethiopia waliua raia upande wao, na maelfu wakakimbilia upande wetu kwa miguu. Hakuna aliyeuliza kama kibali ni cha mara moja au mara nyingi. Kituo cha pamoja cha mpakani, kile cha kisasa, kilifunguliwa Desemba 2020.

Binamu alifika mpaka pale mtu asiye na muhuri hupaswi kupita. Akasimama. Nilidhani angebishana, maana usiku uliopita alikuwa bado anahesabu siku na akiba yake. Ndege yake ya kurudi Minnesota ilikuwa siku kumi na moja mbele. Kama kibali kipya kingechelewa, siku hizo zingeliwa Moyale, na shosho ana miaka themanini na sita.

“Nenda uniangalilie,” akasema. Akarudi kukaa kwa kibanda cha chai.

Nilivuka. Nitakuambia nilichoona kwa saa nne, si kikubwa. Magari yanahamia mkono wa kulia. Mwaka ulikuwa 2017, maana kalenda yao iko nyuma yetu kwa miaka saba au minane. Lakini saa zao ni zetu, mazee! Jua likichomoza wanaanza kuhesabu moja, kama Waswahili. Simu yangu ilisema 12:00 na mwenye mkahawa akaniambia saa sita. Kahawa wanaita buna, nasi tuna neno buni. Aliikaanga mbele yangu, akaleta na bisi. Nikafikiria mibuni ya shosho. Embu na Meru zilikuwa kati ya sehemu za kwanza Waafrika kuruhusiwa kulima kahawa, miaka ya 1930. Hata hiyo ilikuja kwa ruhusa. Na mti wenyewe asili yake ni Ethiopia.

Binamu akanitumia ujumbe: kunafanana? Nikamjibu: sana. Akajibu: basi rudi, nimeboeka.

Kurudi kusini ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Kwenye kizuizi kimoja tuliteremshwa wote, foleni juani. Afisa alipofungua pasipoti ya bluu uso wake ukabadilika. Karibu sana Kenya, umeshaona Mara? Nyuma yetu kulikuwa na kijana wa Sololo wa umri wangu, anarudi chuo kikuu Nairobi, ana kipande halali na kadi ya chuo juu yake. Akaulizwa baba yake alizaliwa wapi. Akaulizwa chifu wake ni nani. Akawekwa kando.

Tulirudi ndani ya basi tukasubiri. Dakika ishirini hivi. Watu wakaanza kulalamika, wengi wao wa kwetu, ati tutafika Isiolo usiku kwa sababu ya mtu mmoja. Mimi sikulalamika. Lakini niliangalia saa, mara mbili, na binamu aliniona nikiangalia.

Kijana alirudi, akakaa, akavaa vipokea sauti masikioni. Hakuna aliyemwambia pole.

Miezi miwili baadaye, Februari 2025, Rais Ruto alitia saini Wajir agizo la kuondoa ule mchujo wa ziada ambao vijana wa kaunti za mpakani walipitia kabla ya kupewa kitambulisho. Nilisoma habari hiyo nikamkumbuka. Yeye alikuwa ameshachujwa, ana kadi, na bado aliwekwa kando.

Tulifika Embu usiku wa siku ya tano. Shosho alikuwa macho.

“Alivuka?”

“Hakuvuka.”

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kupasha chakula.

Kesho yake binamu alikuwa anasoma Katiba kwenye simu, kifungu cha 14. Alizaliwa nje, mama yake ni shangazi yangu, baba yake si Mkenya, na chini ya katiba ya zamani uraia wa aliyezaliwa nje ulipitia kwa baba tu. Tangu 2010 mama anatosha, hata kwa waliozaliwa kabla. Kumbe miaka hiyo yote angeweza kuingia kama mtu wa hapa. Fomu inataka karatasi za mama. Tulipomwambia shosho, akatoa sanduku la bati chini ya kitanda, na sisi watatu tukaketi sakafuni kutafuta.

“Na hiyo mpya,” akauliza, “ni ya siku ngapi?”

“Hiyo haina siku, shosho.”

Akafikiria. Akasema tuandike polepole, tusije tukakosea jina.